Watu watano na Bibliya moja
Ukubwa na tumaini katika habari ya merikebu Grafton (1864-1865)

Kila mmoja wetu amesoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, ginsi Mtakatifu Paulo alivyovunjikiwa na merikebu karibu na kisiwa cha Malta. Walikuwa watu 276 ndani ya chombo. Paulo alikuwa mfungwa tu: hakuwa nahodha, hakuwa mwenye merikebu, hakuwa akida wa askari. Lakini wakati wote walipokwisha kukata tamaa na kuacha kula, ni yeye aliyesimama katikati yao. Aliwasihi wale, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akaanza kula. Nao wakapata moyo. Tena wakati mabaharia walipotaka kutoroka kwa siri na mashua, ni yeye aliyemwonya akida kwamba hao wakienda, wengine hawataokoka. Mwisho wote 276 walifika pwani wazima.

Tunapoifafanua sura hii mbele ya wakristu, tunasema upesi: ni neema ya Mungu. Ndiyo, ni kweli. Lakini neema haifuti kazi ya mtu, na swali moja linabaki: pahali pa hatari, ukubwa unatoka wapi? Ni cheo kinachompa mtu nguvu ya kuwashika wenzake pamoja, ao ni kitu kingine? Na tumaini, je, ni mali ya mkubwa peke yake?

Ili tujibu vizuri, tumechagua habari moja ya historia, si ya zamani sana, ambayo ni kama mizani yenye sahani mbili. Merikebu mbili zilivunjika katika kisiwa kimoja, katika mwaka mmoja. Upande mmoja watu wote walipona. Upande mwingine karibu wote walikufa. Tutaeleza mambo kwanza, namna yalivyokuwa, mafundisho yatafuata.

1. Kisiwa chenyewe

Kusini ya New Zealand, mwendo wa kilometri 460 hivi baharini, viko visiwa vinavyoitwa Auckland. Mtu asivichanganye na mji wa Auckland, ulio mbali sana kwa upande wa kaskazini. Visiwa hivi ni vya baridi. Upepo unavuma karibu kila siku, mvua haikosi, na jua linaonekana kwa nadra. Upande wa magharibi kisiwa kikubwa kina magenge marefu ya mawe, yanayosimama wima kama ukuta juu ya mawimbi. Miti yake imejikunja kwa nguvu ya upepo, na chini yake ni matope na majani marefu.

Huko hapana muhogo, hapana mahindi, hapana ndizi. Mwenye njaa anapata ndege wa baharini, samaki na kome wa mawe, mizizi ya mmea mmoja wenye majani mapana, na nyama ya wanyama wa baharini ambao Wafaransa wanawaita phoques. Lakini hao nao wana majira yao: kuna miezi wanapojaa pwani, na miezi wanapopotea.

Waingereza walijaribu kukaa huko. Mwaka 1849 Charles Enderby alianzisha kijiji kilichoitwa Hardwicke, kwa upande wa kaskazini ya kisiwa kikubwa. Mwaka 1852 wakakiacha, kwa kuwa nchi ile iliwashinda. Kwa hiyo katika mwaka 1864 hapakuwa na mtu wa kuwapokea wageni, wala moshi wa jiko, wala sauti ya mbwa wa kijiji.

2. Wale wa kwanza: Grafton

Tarehe 12 Novemba 1863 merikebu ndogo yenye jina Grafton ilitoka Sydney, katika Australia. Ndani yake walikuwa watu watano tu, na karibu kila mtu alikuwa wa taifa lake. Nahodha alikuwa Thomas Musgrave, mtu mwenye mke na watoto waliobaki Sydney. Msaidizi wake alikuwa Mfaransa, François Raynal, aliyekwisha kutafuta zahabu katika Australia kwa miaka mingi bila kutajirika. Mabaharia walikuwa Alexander Maclaren, aliyekuwa Mnorwe na ambaye wenzake walimwita Alick, na George Harris, Mwingereza kijana. Mpishi alikuwa Henry Forgès, Mreno wa visiwa vya Azores.

Walikwenda kwanza kutafuta madini katika kisiwa cha Campbell. Hawakuyapata. Huko Raynal akashikwa na ugonjwa mkali, hata wenzake wakafikiri atakufa. Wakarudi kwa njia ya visiwa vya Auckland, wakitumaini angalau kupata ngozi za wanyama wa baharini. Wakaingia katika ghuba ya Carnley, upande wa kusini ya kisiwa kikubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Januari 1864 tufani ikakata minyororo ya nanga, na merikebu ikatupwa juu ya mawe.

Mashua ndogo ilisalimika. Wakafunga kamba toka merikebu mpaka pwani, wakaanza kuvuka mmoja mmoja. Lakini Raynal hakuwa na nguvu ya kujishika. Alick akamtwaa mgongoni, akavuka naye juu ya kamba ile, mawimbi yakiwapiga. Tukumbuke jambo hili. Siku ile mgonjwa alikuwa mzigo tu, na mtu mwenye akili ya hesabu angesema: tumwache, chakula hakitoshi. Tutaona baadaye mzigo huo uliwafaa nini.

Mali yao ilikuwa haba: biskuti na unga kidogo, bunduki ya Raynal na baruti yake, vyombo vichache vya kazi. Lakini merikebu iliyovunjika ilibaki juu ya mawe karibu na pwani, nao waliweza kutoa humo mbao, matanga, kamba na vyuma. Kwa mbao hizo na miti ya msitu wakajenga nyumba, urefu wake metri saba hivi na upana karibu metri tano. Wakachoma kome na kupata chokaa, wakajenga jiko la mawe lenye bomba la moshi. Musgrave akaipa nyumba jina Epigwaitt, neno la wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, maana yake ni nyumba iliyo karibu na maji makubwa.

3. Uchaguzi

Hapa ndipo historia yao inapotufaa zaidi.

Merikebu ikiwa nzima, nahodha ana amri kwa sheria ya bahari. Merikebu ikiisha kuvunjika, amri yake inasimama juu ya nini? Hana mshahara wa kuwalipa watu wake, hana polisi, hana gereza. Musgrave alilifahamu jambo hilo, na Raynal alilifahamu kuliko yeye. Kazi ilikuwa nyingi, maneno makali yakaanza kutoka. Raynal aliona wazi kwamba wakigawanyika watakufa wote, maana mtu mmoja peke yake hawezi kuwinda, kupika, kuchanja kuni, kushona na kulinda moto kwa wakati mmoja.

Basi akawapa shauri: tuchague mmoja wetu, si kama bwana juu ya watumwa, lakini kama baba wa jamaa. Tena tuandike kazi yake na mipaka yake. Wakapatana. Mkubwa atalinda utaratibu na umoja kwa upole, lakini pia kwa nguvu inayofaa. Atatoa mashauri mema, ili ugomvi usipate mzizi. Watu wakigombana, watapeleka neno lao kwake, naye atakata shauri pamoja na wale wasioguswa na ugomvi ule. Na neno la mwisho lilikuwa hili: mkubwa akitumia vibaya amri yake, wenzake wanaweza kumwondoa na kuchagua mwingine.

Raynal aliyaandika maneno haya juu ya karatasi nyeupe ndani ya Bibliya ya Musgrave. Wote wakaapa juu ya kitabu kile kuyashika. Kiisha wakachagua, na mioyo yote ilikuwa moja: Musgrave.

Mtu anaweza kucheka na kuuliza: kuna faida gani kumchagua yule yule aliyekuwa nahodha? Faida ni kubwa. Zamani aliwaamuru kwa sababu mwenye merikebu alimweka. Sasa anawaamuru kwa sababu wao wenyewe wamemkubali, tena amekubali kuhukumiwa nao. Mtu yule yule, lakini ukubwa wake umepata msingi mpya, ambao mawimbi hayawezi kuuvunja.

Seminari zetu zinafundisha juu ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Yeye aliandika kwamba Abate apende kupendwa kuliko kuogopwa, na kwamba katika mambo makubwa awaite ndugu wote barazani, hata walio wadogo, kwa sababu mara nyingi Mungu anamwonyesha mdogo lililo jema zaidi. Hatusemi kwamba wale mabaharia watano walikuwa wamonaki. Tunasema tu kwamba, kwa kusukumwa na hatari, walifika karibu na mlango ule ule ambao Benedikto alikwisha kuufungua miaka 1300 mbele yao.

4. Kazi, zamu na masomo

Kanuni bila kazi ni karatasi tu. Kazi za nyumba wakazigawanya, na upishi ukawa wa zamu. Wengine waliwinda, wengine walichanja kuni, wengine walitengeneza mavazi ya ngozi. Hakuna aliyekaa kungojea wengine wamlishe.

Raynal alipopona, ujuzi wake ukaonekana. Kwa majivu ya miti na ya majani ya bahari, chokaa ya kome na mafuta ya wanyama, alitengeneza sabuni, na tangu siku hiyo watu walifua nguo na kuoga. Kwa maganda ya miti alilainisha ngozi, wakapata viatu. Tazameni: mgonjwa aliyebebwa mgongoni amewavika viatu wale waliombeba.

Lakini jambo linalotushangaza zaidi ni shule ya usiku. Usiku wa huko wakati wa baridi ni mrefu sana, na mtu anayekaa gizani na kufikiri mkewe na watoto wake anaweza kupoteza akili. Basi wakafanya shule katika nyumba yao. Wasiojua kusoma walifundishwa kusoma na kuandika. Aliyejua hesabu aliwafundisha wenzake hesabu. Kila mtu alitoa lugha yake, na mpishi Forgès, aliyekuwa wa chini kwa cheo, naye akawa mwalimu, akiwafundisha wakubwa wake Kireno. Leo wewe ni mwanafunzi wangu, kesho mimi ni wako. Kiburi cha wakubwa kilipungua, na haya ya wadogo vile vile.

Siku ya Mungu waliiheshimu kwa kusoma Maandiko, na kanuni yao, iliyoandikwa katika kitabu hicho hicho, ilisomwa tena.

Wala tusidhani kwamba walikuwa malaika. Raynal alitengeneza karata za kuchezea. Musgrave hakupenda kushindwa, akakasirika, na usiku mmoja mchezo uligeuka kuwa ugomvi. Raynal akazitupa karata zote motoni. Hakumtupa mkubwa wake. Alitupa sababu ya ugomvi. Mwenye kukaa na wenzake katika nyumba moja ya misioni atafahamu bila sisi kueleza zaidi.

5. Wale wa pili: Invercauld

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Mei 1864, Musgrave na wenzake wakiwa kisiwani mwezi wa tano, merikebu nyingine ilipigwa juu ya magenge ya upande wa kaskazini-magharibi ya kisiwa kile kile. Jina lake ni Invercauld. Ilikuwa kubwa, ya tani 888, ikitoka Melbourne kwenda Callao katika Peru. Watu wake walikuwa 25. Sita walikufa usiku ule katika maji. Wengine 19 walifika pwani, pamoja na nahodha wao George Dalgarno.

Mkono wao ulikuwa karibu mtupu: biskuti kidogo, nyama ya nguruwe kidogo, viberiti. Walikaa siku za kwanza chini ya genge, wakiota moto wa mbao zilizovunjika. Kiisha wakapanda juu, na mtu mmoja asiyeweza kupanda akaachwa chini. Huko juu wakaanza kutangatanga katika baridi na majani marefu. Hakuna aliyegawanya kazi, hakuna zamu, hakuna shauri la pamoja. Waliokuwa na nguvu walitangulia, wanyonge wakabaki nyuma, wakafa. Nahodha alikuwa amezama katika huzuni. Cheo chake kilikuwako, lakini uongozi haukuwako. Yalitokea hata mambo ambayo hatutaki kuyaandika hapa.

Mtu aliyejaribu kuwasukuma wenzake alikuwa baharia mmoja wa kawaida, Robert Holding. Yeye alitafuta njia, alitafuta kome, aliwahimiza waondoke pale pasipokuwa na chakula. Walio hai wakafika kwenye mabomoko ya Hardwicke. Mwisho wakabaki watatu: nahodha Dalgarno, msaidizi wake Andrew Smith, na Holding. Mwezi wa Mei 1865 merikebu yenye jina Julian iliingia huko na kuwachukua. Katika 19 waliofika pwani, 16 walikuwa wamekufa.

Mwaka mzima vikundi hivi viwili vilikaa katika kisiwa kimoja. Katika ghuba ya kusini watu watano walikuwa wakifundishana kusoma karibu na jiko. Kaskazini watu walikuwa wakifa kwa njaa. Wala hawa hawakujua habari za wale.

6. Tumaini linapochoka

Turudi sasa Epigwaitt. Huenda mtu atafikiri kwamba nyumba nzuri na kanuni nzuri zilitosha. Hapana. Kabla ya kutoka Sydney, Musgrave alikuwa amepatana na wenzake wa biashara: asiporudi baada ya miezi minne, watatuma chombo kumtafuta. Miezi minne ikapita. Sita. Kumi na miwili. Hakuna tanga lililoonekana. Musgrave alipanda mlima mara nyingi kutazama bahari, na kila mara alishuka na moyo mzito zaidi. Katika daftari lake aliandika huzuni yake juu ya mke na watoto, ambao pengine walikuwa na njaa kwa sababu yake. Mkubwa aliyechaguliwa na wote alikuwa karibu kuzama.

Hapa tuangalie vizuri, maana vitabu vya mashujaa vinatudanganya mara nyingi. Vinatuonyesha mkubwa asiyechoka kamwe, na wafuasi wanaokunywa nguvu kwake. Katika Epigwaitt haikuwa hivyo. Mkubwa mwenyewe aliinuliwa na walio chini yake. Raynal akasema: kama watu hawaji kwetu, tutakwenda sisi kwao. Tujenge chombo.

Kwa kujenga chombo walihitaji vyombo vya mhunzi. Raynal akatengeneza mivukuto kwa mbao, bati za shaba na ngozi ya wanyama wa baharini, jambo ambalo wahunzi wa zamani wa Katanga wangelifahamu mara moja. Akachoma makaa. Kwa vyuma vya merikebu iliyovunjika akafua koleo, nyundo na misumari. Kazi ilikwenda vizuri mpaka akafika kwenye keke, chombo cha kutobolea mbao ngumu. Akajaribu, akashindwa. Akajaribu tena, chuma kikaharibika. Bila keke hakuna merikebu. Siku ile huzuni iliwaangukia wote.

Kisha wakafanya shauri tena, na shauri hili lilikuwa dogo kuliko lile la kwanza: tusijenge chombo kipya, tuongeze mashua yetu ya zamani, tuinue mbavu zake, tuirefushe. Wakaifanyia kazi miezi mingi, mpaka ikafika urefu wa metri tano hivi. Hayo ndiyo yote waliyoweza. Tumaini lao halikuwa ndoto ya chombo kikubwa. Lilikuwa misumari iliyohesabiwa, mmoja baada ya mwingine.

Lakini mashua ile haikuweza kuchukua watu watano bila hatari kubwa. Wakakata shauri: watatu wataenda, wawili watangojea. Tarehe 19 Julai 1865, katikati ya majira ya baridi, Musgrave, Raynal na Alick wakaondoka. Harris na Forgès wakabaki pwani. Fikirini saa ile ya kuagana.

Siku tano walipigana na bahari, mashua ikivuja, wakitoa maji mchana na usiku. Nyama waliyoichukua iliharibika. Tarehe 24 Julai wakafika Port Adventure, katika kisiwa cha Stewart, kusini ya New Zealand. Huko nahodha Cross akawapokea.

Sasa tulipime neno la mkubwa. Musgrave alikuwa amedhoofika sana. Angeweza kusema: nimefanya yangu, wengine waende. Watu wa mji wa Invercargill walichanga pesa kwa kulipa safari, na nahodha Cross alitoa chombo chake, Flying Scud. Musgrave akapanda ndani yake, akarudi katika bahari ile ile iliyotaka kumwua. Upepo uliwazuia majuma mengi. Mwisho wakaingia katika ghuba ya Carnley, wakawakuta Harris na Forgès wazima. Forgès alipomwona nahodha wake, alizimia kwa furaha.

Tena Musgrave alisikia jambo la kusikitisha: wale wawili, walipobaki peke yao, walishindwa kupatana, na walikuwa karibu kuachana, kila mtu aende kukaa pahali pake. Watu hao hao walikuwa wamekaa kwa amani katika watano. Hivi ndivyo umoja ulivyo: si mali inayowekwa sandukuni mara moja tu, mtu anailinda kila siku, ao inapotea.

Katika safari hiyo, kwa upande wa kaskazini, walikuta maiti ya mtu ndani ya mabomoko ya nyumba. Alikufa peke yake, mguu wake ukiwa umefungwa kitambaa. Wakamzika na kumwombea. Ndivyo walivyojua kwa mara ya kwanza kwamba kisiwa kilikuwa na wengine.

7. Tuhukumu kwa haki

Mwenye kuandika historia asipende mfano wake mpaka akasahau ukweli. Tuseme wazi: mizani yetu haiko sawasawa kabisa. Watu wa Grafton walifika wakati wa joto, wale wa Invercauld wakati wa baridi. Wa kwanza walikuwa na mashua, bunduki, na mbao za merikebu yao. Wa pili walitupwa chini ya genge bila kitu. Ni rahisi zaidi kulisha watu watano kuliko watu kumi na tisa. Mwenye kusema kwamba Dalgarno aliwaua watu wake, anamwonea. Nasi wenyewe, kama tungalilala usiku ule chini ya genge, hatujui tungalifanya nini.

Lakini hata tukitoa hayo yote, kuna tofauti inayobaki. Mgonjwa wa Grafton alibebwa. Yule wa Invercauld asiyeweza kupanda aliachwa. Grafton waliuliza siku za kwanza: nani atatuunganisha, na kwa kanuni gani? Invercauld hawakuuliza. Kule, baharia mwenye ujuzi alisikilizwa kama ndugu. Huku, Holding alikuwa na akili na nguvu, lakini hapakuwa na baraza la kuzipokea. Bahati inagawa mali. Haigawi upendano wala utaratibu. Hivyo vinatoka kwa watu.

8. Mafundisho kwa sisi

La kwanza: cheo kinaweza kuvunjika kama merikebu. Padri anayewekwa mkubwa wa parokia, katekista anayepewa kijiji, wanapata amri yao kwa Askofu, na ni halali. Lakini siku ya taabu, barabara ikikatika, dawa ikikosa, watu wakikimbia vita, karatasi ya kuwekwa haitatosha. Wakristu watatazama kama mtu huyu aliwahi kukubali kusikiliza, na kama kanuni inamfunga yeye pia.

La pili: mkubwa na mwenye tumaini si lazima wawe mtu mmoja. Musgrave alikuwa mkubwa mwema, lakini mara nyingi tumaini lilikaa kwa Raynal. Mkubwa mwenye akili hamwonei wivu mdogo anayetia wengine moyo, anamshukuru. Na mdogo mwenye nguvu hamnyang'anyi mkubwa kiti chake kwa sababu amemwona akilia.

La tatu: tumaini linahitaji ratiba. Kengele ya asubuhi, zamu ya jikoni, saa ya masomo, mambo ambayo vijana wa seminari wanayaona pengine kuwa mzigo: hayo ndiyo yaliyowashika wale watano wasiingie katika wazimu. Katekista aliye peke yake mbali na misioni, ambaye padri anamfikia mara moja tu katika miezi mingi, anajua neno hili kuliko walimu wetu.

La nne: mambo ya taabu yaandikwe, ili yafae wengine. Musgrave alichapisha daftari lake. Raynal alirudi Ufaransa, na kitabu chake kikatoka mwaka 1870. Académie française ilikitunza kwa zawadi. Holding aliandika habari zake akiwa mzee, akafa mwaka 1933. Habari za ajali hizi, na za nyingine zilizofuata, ziliwaamsha wakubwa wa New Zealand. Wakaweka katika visiwa vile nyumba ndogo zenye chakula, nguo na viberiti, na merikebu za serikali zilivitembelea kuwatafuta waliopotea. Watu wasiofahamu jina la Musgrave walipata kula kwa sababu yake.

Tunamaliza kwa kumrudia Paulo. Katika ile tufani hakuwaambia watu kwamba hatari ni ndogo. Aliwaambia merikebu itapotea. Lakini alisema pia kwamba wao wenyewe hawatapotea, kisha akamega mkate, wakala, wakajitayarisha kwa kazi ya asubuhi. Yule atakayetumwa mwaka huu katika kituo kigumu aichukue sura ile pamoja na habari ya wale watano. Akifika, kabla ya kuhesabu mabati ya nyumba na mifuko ya unga, atafute kwanza ni nani katika wenzake aliye mnyonge kuliko wote, akae naye, amwulize jina lake na ujuzi wake. Huenda ndiye atakayewavika wote viatu.